Kisanduku kimoja, maswali matatu: jibu kwa mwanafunzi wa Iringa

SWALI: Shikamoo mwalimu. Niko Iringa, nasoma kompyuta mwaka wa tatu. Kwa projekti yangu natengeneza programu ya simu ya kutafuta masomo na vipindi vya chuo. Nimeweka vichujio tisa: fakalti, idara, mwaka, semesta, mhadhiri, siku, saa, jengo na krediti. Nilipowapa wenzangu wajaribu, walihangaika nayo dakika moja wakarudi kwenye groupi la WhatsApp kuuliza "venyu wapi?", yaani kipindi kiko ukumbi gani. Msimamizi wangu anashauri nitengeneze muonekano tofauti kwa kila aina ya mwanafunzi: wa mwaka wa kwanza, wa jioni, anayerudia somo na mwenye ulemavu. Nifanye hivyo? Na lugha iwe Kiswahili au Kiingereza?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Hongera kwa kuwapa wenzako simu mapema. Wengi huonyesha kazi siku ya kuitetea, na hapo hakuna tena la kurekebisha.

Kwa heshima zote kwa msimamizi wako, usitengeneze mionekano minne. Ameona jambo la kweli, kwamba wanafunzi hawafanani, ila wakiwekwa kwenye mafungu kwa aina ya mtu utakwama mapema. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza mwezi Novemba haijui hata njia ya maktaba. Ikifika Januari anajua kila kona, na sasa shida yake ni kundi la semina lisilogongana na maabara. Anayerudia somo ni yule yule wa mwaka wa tatu. Mwalimu anayesoma jioni anaweza kuwa anatembelea magongo. Utamweka kwenye mlango upi?

Wagawe kwa swali alilonalo mtu pale anapoitoa simu mfukoni. Kwa uzoefu wangu maswali ni matatu: "Niende wapi sasa hivi?", "Hili litaingia kwenye ratiba yangu?" na "Nichague lipi?" Mtu mmoja anaweza kuyauliza yote matatu ndani ya wiki moja. Kisanduku cha kutafutia kibaki kimoja. Kinachobadilika ni jibu linalotangulia.

Anza na hilo groupi la WhatsApp, maana ndilo mshindani wako, na limekushinda kwa haki. Mtu anauliza "venyu wapi?" na ndani ya dakika CR, mwakilishi wa darasa, anajibu: "Tumehamia Ukumbi B, saa nne ile ile." Hakuna aliyeombwa nywila, hakuna aliyechagua fakalti. Jibu limekuja kwa mstari mmoja na ni la leo. Udhaifu wake ni kwamba baada ya saa moja mstari huo umefukiwa na salamu, stika na matangazo ya michango, na aliyechelewa kuamka anauliza upya. Programu yako ishinde hapo tu: jibu lile lile fupi, lisilofukiwa. Weka pia kitufe cha "Tuma kwenye groupi" kinachogeuza kipindi kuwa mstari wa maandishi matupu, ili CR akiweka badiliko kwako aweze kulirusha kwa wenzake hapo hapo. Ukimlazimisha kuandika mara mbili, ataandika WhatsApp tu, na ratiba yako itaanza kusema uongo kufikia wiki ya pili. Ratiba ikisema uongo mara moja, mwanafunzi harudi tena.

Kwa swali la kwanza, skrini ya mwanzo isiwe na kichujio hata kimoja. Fikiria asubuhi ya Juni hapo Iringa. Bodaboda amekushusha getini, vidole vimekufa ganzi kwa baridi, mkono mmoja umeshika daftari na mwingine simu yenye kioo kilichopasuka pembeni. Unafanya kazi na kidole gumba kimoja. Anachohitaji huyo mtu ni hiki, bila kugusa chochote:

Takwimu, kundi la 3
Saa 2:00 hadi 4:00 asubuhi (08:00–10:00)
Ukumbi B, ghorofa ya chini, nyuma ya maktaba
Imebadilishwa leo saa 12:40 asubuhi na CR

Mistari minne. Wa tatu ndio wengi wanausahau. Kifupisho cha ukumbi kinatosha kwa aliyekwisha kuzoea, lakini mgeni anahitaji "nyuma ya maktaba". Na kila chuo kina majengo yenye jina la kwenye karatasi na jina la mdomoni. Hifadhi yote mawili, na kutafuta kukubali lolote kati ya hayo. Mstari wa nne ndio unaomfanya akuamini.

Vitufe viwe vikubwa. Google inapendekeza visipungue dp 48 (kipimo cha skrini za Android) kila upande, Apple wanasema pointi 44 kwa simu zao. Mwongozo wa kimataifa wa ufikivu, WCAG 2.2, uliotoka Oktoba 2023, unaruhusu hadi pikseli 24, lakini hicho ni kiwango cha chini kabisa, na hakikupangwa kwa kidole chenye baridi ya Nyanda za Juu.

Swali la pili ndilo litakalokula muda wako mwingi, na ndilo litakalokupa alama. Nikusimulie lililonikuta.

Miaka kadhaa iliyopita nilitengeneza programu ya namna hii kwa chuo kimoja. Niliamini nimewarahisishia wanafunzi: mtu akiingiza namba yake ya usajili, mfumo unasoma mwaka aliodahiliwa na kumwonyesha masomo ya mwaka wake peke yake. Siku ya tatu nikaenda kukaa kwenye benchi nje ya stesheneri kuwatazama watu wakiitumia. Binti mmoja wa mwaka wa pili aliandika namba ya somo la takwimu la mwaka wa kwanza. Skrini ikamjibu: "Hakuna matokeo." Akafuta, akaandika tena, herufi moja moja, huku akizitamka kwa sauti ya chini. "Hakuna matokeo." Mara ya tatu akamgeukia mwenzake: "Wamenifutia matokeo yangu." Simu ilikuwa ikimtetemeka mkononi.

Alikuwa amekeri somo hilo, yaani alilifeli na sasa analirudia, na alitaka tu kujua linafundishwa lini ili asikose kipindi cha kwanza. Programu yangu ilimficha somo lenyewe, kisha ikamtolea neno ambalo kwa mwanafunzi yeyote wa Tanzania lina maana moja tu: matokeo ya mtihani. Nilimweleza, akatulia, lakini ile sura yake bado ninayo. Tangu siku hiyo sijaweka kichujio kinachofanya kazi kimya kimya.

Kwa hiyo kama programu yako inajua kuwa mtu yuko mwaka wa pili, iseme wazi juu ya orodha, "Unaona: mwaka wa 2", na pawe na alama ya kukiondoa kichujio hicho kwa mguso mmoja. Na kama alichoandika hakipo ndani ya kichujio, usimwachie skrini tupu. Tafuta nje ya kichujio, umwambie: "Halipo mwaka wa 2. Lipo mwaka wa 1, semesta hii, vipindi viwili kwa wiki." Usiandike popote "unarudia". Vyuoni watu wanachungulia simu za wenzao, na kukeri ni siri ambayo mtu ana haki ya kubaki nayo.

Sasa mgongano. Anayerudia somo la chini yumo hatarini kwa sababu wapanga ratiba huhakikisha masomo ya mwaka mmoja hayagongani, lakini masomo ya mwaka wa kwanza na ya mwaka wa tatu hayakupangwa kwa pamoja. Wanafunzi wa ualimu wana shida ya jirani na hiyo. Hapo mjini kwako, Mkwawa, chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam tangu 2005, mwanafunzi wa ualimu anabeba masomo mawili ya kufundishia kutoka idara mbili, na juu yake masomo ya elimu yenyewe. Ratiba tatu zinakutana kwenye kichwa cha mtu mmoja. Na mwalimu wa sekondari wa Uyole anayesoma jioni Mbeya mjini ana ratiba ya nne, ya kazini, ambayo chuo hakiijui kabisa.

Watu watatu hao wanaonekana kama makundi matatu, lakini chombo wanachokihitaji ni kimoja. Vipindi viwili vinagongana kama viko siku moja, cha kwanza kinaanza kabla cha pili hakijaisha, na cha pili kinaanza kabla cha kwanza hakijaisha. Basi. Sharti hilo la mistari miwili linamhudumia aliyekeri, linamhudumia wa ualimu, na ukimruhusu mtu kuongeza "kipindi" chake mwenyewe, tuseme Kazini, Jumatatu hadi Ijumaa, saa 1:30 asubuhi hadi 9:30 alasiri, linamhudumia na wa jioni. Huna haja ya skrini yenye jina lake. Yeye mwenyewe ataongeza na safari, maana anajua barabara ya TANZAM kati ya Uyole na Mwanjelwa inavyojaa jioni kuliko ramani yoyote. Kwa vipindi vya chuoni, acha dakika kumi kati ya kumbi zilizo mbali. Saa 2 hadi 4 na saa 4 hadi 6 havigongani kwenye hesabu, ila kwa miguu, kwenye mlima, vinaweza.

Kinachogongana usikifiche. Kiteremshe chini ya vinavyoingia, na useme sababu: "Kinagongana na Fizikia, Jumanne saa 4." Mwanafunzi akijua sababu anaweza kwenda kwa mhadhiri kuomba kundi jingine la semina. Ukikificha, anadhani hakipo.

Swali la tatu, la kuchagua somo la hiari, nitalipitia haraka, kwa sababu linaulizwa wiki mbili za mwanzo wa semesta halafu linalala. Hapa ndipo vichujio vyako vina kazi, ila vitatu vinatosha kuonekana: siku, idara na krediti. Vingine viweke nyuma ya "Zaidi". Krediti zieleze kwa lugha ya mtu. Kwa utaratibu wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) krediti moja ni saa kumi za kujifunza, ukijumlisha darasani, maabara na kusoma mwenyewe, na mwaka mzima ni krediti 120. Kwa hiyo badala ya "krediti 12" pekee, andika "krediti 12, sawa na saa 120 za kazi kwa semesta". Mwanafunzi atalinganisha mwenyewe. Onyesha pia somo gani lazima uwe umelifaulu kabla, hilo hujificha kwenye kitabu cha mwongozo na kuwaumiza watu wiki ya nne.

Lugha. Majina ya masomo yaache kama yalivyo kwenye ratiba ya chuo, kwa Kiingereza, maana ndivyo yatakavyoandikwa kwenye mtihani. Vitufe, maelekezo na ujumbe wa makosa viwe kwa Kiswahili. Lakini Kiswahili nacho kina mitego yake. "Kozi" kwa wengi ni shahada nzima: ukimuuliza mtu anasoma kozi gani atakujibu "ualimu" au "sheria". Ukiandika "Tafuta kozi" ataandika shahada yake. "Darasa" linaweza kuwa chumba, au watu wanaosoma pamoja. "Programu" ni hiyo hiyo unayotengeneza. Mimi ninatumia "somo" kwa kinachofundishwa, "kipindi" kwa mkutano wake wa siku na saa, na "ukumbi" kwa mahali, huku kisanduku kikilielewa pia neno "venyu", kwa sababu ndilo mnalolisema. Neno "matokeo" lisionekane kabisa. Andika "Masomo 6 yamepatikana".

Saa ni mtego mwingine. Ratiba iliyobandikwa ukutani inasema 08:00, mdomo unasema saa mbili. Mtu akiandika "jumanne saa mbili", usimletee cha 14:00, wala cha 02:00. Elewa kwamba anaongea Kiswahili, mletee cha 08:00 na, kama chuo kina vipindi vya usiku, cha 20:00. Kwenye jibu onyesha saa zote mbili kama nilivyofanya kwenye ule mfano wa juu. Tarakimu nane za ziada zinamwokoa mgeni na mwenyeji.

Kuhusu kuandika kwenye kisanduku: watu hawaandiki namba ya somo kama ilivyo kwenye ratiba. Ondoa nafasi na vistari, geuza herufi zote ziwe kubwa, pande zote mbili, kabla ya kulinganisha. Hapo "st 114", "ST-114" na "st114" vinakuwa kitu kimoja. Kwa majina, ruhusu kosa la herufi moja kwa maneno marefu. Kuna kipimo cha kuhesabu ni herufi ngapi zibadilishwe ili neno moja liwe jingine, alichokitoa Vladimir Levenshtein wa Urusi mwaka 1965, na maktaba za lugha karibu zote za kompyuta zinacho. "Calculas" iko hatua moja tu kutoka jina sahihi. Kwa wahadhiri, toa "Dkt." na "Prof." kabla ya kutafuta, maana wanafunzi wanaandika jina moja tu, na mara nyingi ni la ukoo.

Bando. Ratiba yenye vipindi 1,500, kila kimoja baiti 200, ni kilobaiti 300 hivi kabla hata ya kubanwa. Huo ni uzito wa picha moja au mbili za kwenye groupi. Ishushe yote mara moja, ihifadhi kwenye simu, na kutafuta kufanyike ndani ya simu yenyewe. Baada ya hapo omba kwenye seva mabadiliko tu tangu toleo la mwisho. Mwanafunzi aliyeishiwa bando Alhamisi bado ataona kipindi cha Ijumaa, akiona pia tarehe ya ratiba aliyo nayo. Ukiweza hili, umewahudumia watu wengi kuliko kwa muonekano wowote maalumu.

Kwa wenye ulemavu, hakuna haja ya kuwajengea mlango wa pembeni. Kila ukumbi uwe na taarifa moja zaidi: unafikika bila ngazi au la. Ionekane kwa wote, maana hata aliyevunjika mguu kwenye mpira ataitafuta. Kila kitufe kiwe na jina linalosomeka na TalkBack, kisoma skrini cha Android, maandishi yatofautiane na usuli kwa uwiano usiopungua 4.5 kwa 1, na mgongano usionyeshwe kwa rangi nyekundu pekee bila neno. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010 inakutaka uwafikirie, na kwenye ripoti yako itaje. Jioni moja ya kazi inatosha kwa haya yote ukiyafanya tangu mwanzo. Ukiyaacha hadi mwisho, utabomoa.

Na usidai kuingia kwa namba ya usajili ili mtu aone ukumbi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inakutaka ukusanye kile tu unachokihitaji, na kwa swali la "niende wapi" huhitaji kujua chochote kuhusu mtu. Masomo anayoyachagua yabaki kwenye simu yake.

Sasa vichujio vyako tisa. Usivifute leo. Viache kwenye tawi la zamani la msimbo (code) wako, jenga skrini ya mistari minne na sharti la mgongano, kisha upime vyote viwili. Jakob Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa kutumia mifumo, alionyesha kwamba mjaribu mmoja hufichua takriban asilimia 31 ya kasoro za muonekano, na watano kwa pamoja hufika asilimia 85 hivi. Ndiyo maana watano wanatosha kwa raundi moja, na makundi yakitofautiana anashauri watu watatu kutoka kila kundi. Tafuta watatu wa mwaka wa kwanza, watatu wanaobeba somo la nyuma, watatu wa jioni. Hapo ndipo ile orodha ya msimamizi wako inakuwa na thamani kubwa: itumie kuchagua wajaribu, na umwambie hivyo, atafurahi.

Usiwajaribishe kwenye maabara ya kompyuta. Nenda Jumatatu, saa moja na dakika hamsini asubuhi, usimame mlangoni mwa jengo la madarasa. Mpe mtu simu yake mwenyewe, si yako, umwambie: "Nionyeshe kipindi chako kijacho kiko wapi." Kisha nyamaza, hata akikosea, na uandike kidole chake kilikwenda wapi kwanza.